Umehamia Tabora, usali wapi? Mennonite, Moravian na Pentekoste

Uhamisho wa watumishi ukitoka, simu yangu haikai kimya. Safari hii alipiga binti wa jirani yetu wa zamani kule Mara, muuguzi, amepangiwa Tabora, ana mume na mtoto wa miaka mitatu. "Shikamoo mama. Huko kanisa letu lipo?" Marahaba mwanangu, nikamwambia, tupo, ila si kama nyumbani. Kule Mara ukitoka kanisa moja la Mennonite unaweza kufika jingine kabla jua halijawa kali. Hapa tuko wachache, tunatambuana hata kwa kikohozi. Nyumba aliyopata ina Wamoravian upande huu na Wapentekoste upande ule, na kuja kwetu itabidi apande bodaboda. Akataka nimchagulie. Sikumchagulia. Alipofika tulikaa barazani jioni mbili, na haya ndiyo tuliyoongea, nimeyapanga kidogo ili na wengine wayapate.

Niseme mapema nilikosimama. Nilibatizwa Mmennonite kule Mara, nikaja Tabora kufundisha, na nimekaa hapa zaidi ya miaka ishirini. Kuna miaka minne kundi letu halikuwa na mchungaji, nikasali kwa Wamoravian, tena kwa furaha. Wanangu wawili ni Wapentekoste. Kwa hiyo nyumba zote tatu nimekula humo.

Watu wa Mara kufika Tabora si jambo geni. Mwaka 1937 kijana wa Butiama, Julius Nyerere, alikuja kusoma shule ya Tabora akiwa hajabatizwa. Alibatizwa Mkatoliki mwaka 1943. Mji huu umezoea wageni waliofika wakiwa bado wanatafuta.

Maswali ya kupimia

Nilimpa binti maswali matano. Kanisa hili linakupokeaje, yaani ubatizo wake ni upi? Nani humo ana ruhusa ya kukuuliza habari za maisha yako? Linafundisha nini kuhusu amani, kiapo na kisasi? Ibada yake itakulisha? Na lina mkono gani kwenye fedha na misiba? Kwangu swali la pili ndilo lenye uzito kuliko yote, na utaona nimelikalia muda mrefu.

Walikotoka, kwa ufupi

Wamennonite wanahesabu mwanzo wao Zürich, Uswisi, tarehe 21 Januari 1525, pale Conrad Grebel alipombatiza Georg Blaurock, mtu mzima mwenzake, bila idhini ya serikali wala kanisa la mji. Jina lilitokana na Menno Simons, padri wa Kiholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536. Hapa kwetu walianza Shirati mwaka 1934, wakiwa na Elam Stauffer na wenzake kutoka Pennsylvania, Marekani. Kanisa likajitegemea mwaka 1960, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika.

Wamoravian ni wa zamani zaidi. Jan Hus, padri wa Bohemia (leo Jamhuri ya Cheki) aliyetaka kanisa litengenezwe, alichomwa moto mwaka 1415, wafuasi wake wakaunda undugu wao hukohuko Bohemia mwaka 1457, na uamsho wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727 ukawapeleka duniani kote. Rungwe walifika 1891. Urambo waliipokea mwaka 1898 kutoka London Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kiingereza, ndiyo maana Tabora ni kwao: Jimbo la Magharibi lina makao yake mjini hapa, na Sikonge na Urambo utawakuta kila mahali.

Wapentekoste si kanisa moja. Kuna TAG (Tanzania Assemblies of God), EAGT (Evangelistic Assemblies of God Tanzania), FPCT (Free Pentecostal Church of Tanzania) na mengine mengi. Wengi hurudisha historia yao kwenye uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, chini ya William Seymour, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa. Nitakalosema juu yao ulipime kwa kanisa lile hasa unalotaka kuingia, maana wanatofautiana sana.

Mlango wa kuingilia

Kwa Wamennonite anabatizwa aliyeamini na kukiri mwenyewe, baada ya mafundisho. Kihistoria maji humiminwa kichwani, ingawa yapo makusanyiko yanayozamisha. Mtoto mchanga huombewa na kuwekwa mikononi mwa Mungu, basi. Kama ulibatizwa utotoni kwingine, uliza mapema watakupokeaje, usije ukashtuka siku ya mafundisho.

Wamoravian hubatiza watoto wachanga, halafu kijana hufundishwa na kupata kipaimara. Kwa familia yenye mtoto mdogo hili ni jambo zito kwa pande zote mbili. Wako wanaotaka mtoto awe na alama ya Bwana tangu sasa, na wako wanaotaka aje aamue mwenyewe.

Wapentekoste wanakubaliana nasi kwamba anayebatizwa ni aliyeamini, na wao huzamisha. Ila wengi wao watakutazamia pia ubatizo wa Roho Mtakatifu, na kunena kwa lugha kama dalili yake. Mgeni ambaye hajawahi kunena anaweza kujiona nusu mtu kwa miezi mingi. Mwulize mchungaji waziwazi anamchukuliaje mtu wa namna hiyo.

Nani ana ruhusa ya kukuuliza

Hapa ndipo Umennonite wenyewe ulipo. Wale watu wa Zürich hawakugombania maji tu. Walisema kanisa ni watu waliokubaliana kuwa ndugu, na ndugu ana ruhusa ya kumwendea nduguye akikosa, kama ilivyo Mathayo 18: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha na mashahidi, kisha kanisa. Kwenye utaratibu wa zamani wa Kimennonite, kabla ya meza ya Bwana watu huulizwa kama wako na amani na Mungu na wao kwa wao.

Niliwahi kulielewa jambo hili kwa mwili. Tulikuwa na mchezo wa fedha, akina mama kumi, na dada mmoja wa kanisani alichelewa kunipa zamu yangu mara mbili. Nikaacha kumsalimu. Nilidhani hakuna anayeona. Jumatano moja jioni akina mama wawili wazee wakaja nyumbani, wakanikuta ukumbini nabangua karanga. Wakakaa mkekani, wakabangua nami mpaka ungo ukajaa, hawajasema neno. Ndipo mmoja akauliza taratibu, "Mwalimu, Jumapili ni meza ya Bwana. Utamtawadha nani miguu?"

Sikuwa na jibu. Kwetu baada ya mkate na kikombe tunatawadhana miguu, kama Yohana 13, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Jumapili ile kulikuwa na beseni la bluu la plastiki, maji ya vuguvugu, taulo moja limeshaloa. Nilimfuata yule dada. Alikuwa ametembea kutoka mbali kwenye mchanga wa Tabora, na miguu yake ina magaga makubwa, mchanga umeingia ndani ya nyufa. Huwezi kumsafisha mtu magaga huku umemkasirikia. Vidole vyenyewe vinakataa. Tulipoinuka kukumbatiana alininong'oneza kwamba zamu yangu ilikwenda kwa dawa za mama yake. Nisingeijua sababu ile maisha yangu yote.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Kundi dogo linalojuana hivi linaweza kugeuza kuonyana kuwa umbeya. Nimeshuhudia, sitasema wapi, kijana aliyetengwa kwa kosa la kweli, akatubu, na kurudishwa kwake kukacheleweshwa mpaka akakata tamaa akaondoka. Bado inaniuma. Kabla hujajiunga na kundi dogo, uliza wanarudishaje waliotengwa, si wanatengaje.

Kwa Wamoravian ulezi hupitia kwa mchungaji, wazee wa kanisa na idara: akina mama, vijana, kwaya. Askofu wao ni mchungaji wa kiroho zaidi kuliko mtawala. Uendeshaji uko kwa mwenyekiti wa jimbo na halmashauri. Ushirika mkubwa unakupa nafasi ya kupumua. Kama umetoka mahali ulipojeruhiwa na maswali ya watu, kukaa benchi la nyuma miezi sita bila kuulizwa ni tiba, nami sitambeza anayeihitaji. Hatari yake ni kwamba miezi sita inageuka miaka sita. Dawa ni kujiunga na kwaya au idara mapema. Mimi nilipoingia kundi la akina mama ndipo watu walianza kuja kwangu hata siku za kazi.

Wapentekoste ndio wepesi kuliko wote kukufuata. Jumapili wanaandika jina na namba ya simu, Jumanne wako mlangoni kuomba nawe. Mwanangu alipokuwa anapambana na pombe, walimpigia kila siku kwa muda mrefu, na sina cha kuwalipa. Kuulizana kwao kuna ukali na kuna upendo. Ila mara nyingi mamlaka yako kwa mchungaji mmoja. Akiwa mnyenyekevu, kanisa zima lina afya. Akiwa hana anayemuuliza yeye, waumini hawana pa kukimbilia. Basi uliza: mchungaji mwenyewe anaonywa na nani?

Amani, kiapo na bibi kizee wa jirani

Wamennonite wamejulikana kwa kukataa upanga. Wanakumbuka habari ya Dirk Willems wa Uholanzi: mwaka 1569 alikuwa anatoroka akivuka barafu, aliyemfukuza akatumbukia majini, Dirk akarudi kumwokoa, akakamatwa na kuchomwa moto. Wanafundisha pia kutoapa, "Ndiyo, ndiyo; Siyo, siyo", na sheria yetu inatoa nafasi ya shahidi kuthibitisha badala ya kuapa. Hata hivyo si kila Mmennonite duniani analishika fundisho hili kwa uzito uleule. Ukiwa na kijana anayemaliza kidato cha sita na kupangiwa JKT, Msange hapa Tabora au Bulombora kule Kigoma, utakutana na ndugu wenye mawazo tofauti hata ndani ya benchi moja.

Ndugu wa kwanza wa Kimoravian huko Bohemia nao walikataa upanga na kiapo, ila baadaye waliliachia dhamiri ya mtu. Kwa hiyo askari au polisi hatajisikia mgeni kwao. Kwa Wapentekoste pia historia inashangaza: Assemblies of God ya Marekani ilikuwa na msimamo rasmi wa kutopigana vita mpaka mwaka 1967. Leo utasikia zaidi lugha ya vita vya kiroho. Aliyelelewa Kimennonite anaweza kusumbuka akisikia "adui apigwe" usiku kucha, japo wenyewe wanasema juu ya pepo, si juu ya watu.

Sasa niseme linalonihusu zaidi. Tabora, amani haianzi na bunduki. Inaanza mtoto akiugua homa, na mtu akalitaja jina la bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu. Wote tunajua vikongwe waliouawa katika ukanda huu kwa sababu ya macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Kanisa lolote utakaloingia, lipime hapo. Kwa Wamennonite fundisho la kutolipiza linatakiwa lifike mpaka mlangoni kwa bibi yule, na nimeona wazee wetu wakienda kukaa naye barazani mchana kweupe ili mtaa mzima uone. Wamoravian, kwa kuwa wameishi na watu wa hapa zaidi ya karne moja, wana wazee ambao wenye hasira watawasikiliza, na hilo ni silaha kubwa ya amani. Wapentekoste humwondolea mtu hofu kwa maombi, na hofu ndiyo mama wa mauaji haya. Lakini usikilize kama mhubiri anataja watu. Anayesema "Yesu ana nguvu kuliko uchawi" anaponya mtaa. Anayesema "mchawi wako ni wa ukoo wako" anaweka kisu mezani.

Ibada yenyewe

Hapa sina maneno mengi, sikio lako litakuamulia. Kwetu ni nyimbo za sauti nne, mahubiri ya utulivu, ushuhuda, na ukimya unaomfanya mgeni adhani kuna mtu amesahau zamu yake. Wamoravian wana liturujia, kwaya zilizofundishwa sawasawa, kitabu cha maneno ya kila siku kilichoanza kuchapwa mwaka 1731, na lile neno lao, "Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate." Wapentekoste wana kusifu na kuabudu, mikesha, kufunga, na machozi yasiyoonewa aibu. Mtoto wa miaka mitatu atalala kwetu, atashangaa kwa Wamoravian, atacheza kwa Wapentekoste.

Fedha, tumbaku na msiba

Ukiwa Tabora utakutana na fedha ya tumbaku, upende usipende. Makanisa ya Kiprotestanti humu kwa kawaida hukemea kuvuta. Kulima ni habari nyingine, maana ndiyo ada ya shule Urambo na Sikonge. Wamennonite wenzangu hupenda kuwa wakali hapa, nami huwakumbusha kwamba wamisionari wa Shirati walitoka Lancaster kule Pennsylvania, ambako wakulima wengi wa Kimennonite walilima tumbaku kwa vizazi, na kanisa lao likabishana juu yake. Tusimrushie jiwe mkulima ambaye hatujamsaidia kupata mizinga ya nyuki. Wamoravian, wenye waumini wengi vijijini, wanalijua jambo hili kutoka shambani na hawalisemi kwa wepesi. Wapentekoste wengi watakutaka uache, na baadhi watakuombea upate biashara nyingine. Uliza kama wana la kufanya zaidi ya maombi.

Utoaji: kwa Wapentekoste fungu la kumi hufundishwa kwa nguvu, kwa Wamoravian kuna ahadi na michango ya ushirika, kwetu kuna sadaka na, kwa kuwa tuko wachache, bati likivuja kila mtu anajua zamu ni yake. Kipato chako kikiwa kidogo, kundi dogo litakuchosha haraka kuliko kanisa kubwa. Kote omba kusomewa mapato na matumizi. Wasiposoma, jiulize.

Msibani, Wamoravian wana turubai, viti, kwaya na utaratibu. Ndani ya saa chache kila kitu kimesimama. Wapentekoste watakesha nawe wakiimba. Sisi hatuna turubai. Tunakuja watu kumi na tano na sufuria zetu, na wengine bado watakuwepo wiki ya tatu, nyumba ikiwa imeshanyamaza.

Kwa hali yako

Kama umelelewa Mennonite na unaogopa kupoa, njoo kwenye kundi dogo, ila njoo kufanya kazi. Tutakupa ufunguo wa kanisa mwezi wa kwanza.

Kama una watoto wadogo na zamu za usiku hospitalini, na nauli ya bodaboda inakula mshahara, kanisa la karibu ni ulezi. Moravian iliyo mlangoni yenye shule ya Jumapili ya uhakika inaweza kuwatunza wanao vizuri, nawe ukaja kwetu kwenye meza ya Bwana na kutawadhana miguu.

Kama unatoka kwenye pombe, kamari au hofu ya uchawi iliyokushika shingo, nenda kwa Wapentekoste wenye mchungaji anayeonywa na wenzake. Unahitaji watu wa kukupigia kila siku, nao wanaweza.

Kama umechoka na kuumizwa na kanisa, kaa benchi la nyuma la ushirika mkubwa. Jiwekee tarehe ya kujiunga na idara mojawapo.

Kama mwenzi wako ni wa dhehebu jingine, msivutane. Huyu binti ameolewa na Mlutheri, na nilimwambia kwamba mwaka 2010 huko Stuttgart Walutheri wa dunia waliomba msamaha kwa Wamennonite kwa mateso ya karne ya 16. Kama makanisa mazima yameweza kuketi baada ya miaka karibu 500, wawili katika nyumba moja wanaweza kukubaliana Jumapili ya kwanza huku na ya pili kule, mpaka mtoto aanze kuuliza.

Kama reli inakupeleka mbele mpaka Kigoma, hesabu inabadilika. Huko jirani yako kuna uwezekano mkubwa akawa Mwanglikana, kwa kuwa dayosisi ya Western Tanganyika ina makao yake Kasulu, na maswali matano haya unaweza kuwauliza wao vilevile.

Na kama bado hujui, tembelea kila mahali Jumapili tatu na siku moja ya kazi. Mtafute mzee wa kanisa umuulize: "Mara ya mwisho watu wawili hapa walipogombana, mliwapatanishaje?" Msikilize anavyojibu, kisha watazame waliokaa karibu naye.